Hakuja Mtu

Jumanne na Alhamisi, saa moja usiku,
Kiboriloni, nyuma ya duka la mitumba la mama Anaeli,
tunakaa wapagazi kumi na mmoja kwenye mabenchi ya kuazima,
tunasaka cheti cha kuongoza wageni mlimani.
Mwalimu Eliakunda anafuta ubao kwa soksi.
Leo, anasema, viwakilishi visivyotaja jina:
sambadi, enibadi, evribadi, nobadi.
Tunaitikia kwa pamoja. Mbwa wa jirani naye anaitikia.

Badi ni nini? anauliza Kajiru.
Badi ni mwili.
Tukacheka, maana miili tunayo,
shingo zimeota sugu mahali pa mizigo:
kilo ishirini zilizopimwa getini Machame
na tatu zilizopanda baada ya mizani.

Sambadi, mwili fulani. Hiyo haikutushinda.
Enibadi, mwili wowote,
alimradi kuna wa kuinama.
Evribadi ndiyo ilituchelewesha.
Tumejaa chumba kizima, vipi tuhesabiwe mmoja?
"Evribadi iz," anasema mwalimu, "si evribadi aa."
Kajiru anaandika, anafuta, anaandika.
Haya. Hata bakshishi huja hivyo,
bahasha moja, midomo kumi na mmoja.

Kisha akaandika kwa chaki ya njano:
nobadi keim.
Nikaona jambo ambalo hakulitaja.
Kitenzi kizima, hakina ha, hakina si,
kuja kumekuja.
Aliyekatwa ni mtu.

Sisi hatufanyi hivyo.
Hakuja mtu, twasema,
na ile ha ndogo inatangulia mbele,
inabeba kukosekana kote mgongoni,
lakini mtu mwenyewe yuko pale mwisho wa sentensi,
mzima, viatu miguuni,
ila hajafika.
Kwetu ukimwambia jirani wewe si mtu
andaa meno yako.

Sikuuliza swali.
Nilikuwa nimesharudi Kambi ya Barafu, Februari,
usiku theluji ilipolala juu ya mahema.
Kiongozi mkuu ameshika redio, anaongea na ofisi mjini:
"Nobadi iz hati. Nobadi."
Wageni wanane wanapuliza chai ya tangawizi.
Na sisi, ndani ya hema la jikoni,
tumeizunguka miguu ya Ndekirwa,
tunaisugua, tunaipulizia pumzi,
vidole vimeiva rangi ya bilinganya,
yeye anatuomba radhi kwa kuchelewesha maji ya moto.

Miezi yote hii nilimwita kiongozi mwongo.
Kumbe sarufi ilimtosha.
Nobadi aliumia, kweli kabisa.
Tulikuwa naye mikononi.

Zoezi la nyumbani: tunga sentensi tano.
Nne nilizitunga kama kitabu kinavyotaka,
sambadi anagonga mlango,
enibadi hajaona miwani ya mgeni,
na mambo ya namna hiyo.
Ya tano ikanikalisha hadi taa ya chemli ikaanza kukohoa.
Nikaandika, kwa Kiingereza changu cha mpandio:
Ninamfahamu Nobadi.
Anashona viatu sokoni Mbuyuni,
na Jumapili akienda ibadani
huvaa soksi mbili mguu wa kushoto
ili kiatu kijae.

Alhamisi daftari likarudi.
Mwalimu ameizungushia ile N kalamu nyekundu,
pembeni ameandika: herufi ndogo.
Nne juu ya tano.

Nje wingu lilikuwa limefunika Kibo, hakuonekana mtu barabarani.
Nilisimama chini ya bati la mama Anaeli
nikiitazama ile duara nyekundu,
kifutio kiko mfukoni,
mpya, bado kina karatasi yake.
Kimekaa humo mpaka leo.